Punje Moja Kwenye Mkebe wa Mwalimu Maulidi

Mwalimu Maulidi Abbasi anastaafu tarehe 30 Juni 2003, baada ya kukitumikia Chuo cha Mabaharia cha Ras Kijangwa kwa miaka thelathini na saba. Kumi na miwili ya mwanzo alifanya kazi hukohuko pwani. Ishirini na mitano iliyobaki ameifanya hapa Ngara, kwenye Tawi la Mto Ruvubu, mahali ambapo bahari hakuna, nazi hakuna, na baridi ya asubuhi inamfanya mtu wa Pangani avae sweta mbili na bado alalamike.

Kumuaga ni Jumamosi, siku moja na mahafali ya wanafunzi. Angesikilizwa yeye, pasingekuwa na sherehe. Mkuu wa Tawi, Bwana Renatus, alipompelekea habari ya turubai na mbuzi wawili, Mwalimu alimjibu kwamba hawezi kuagwa wakati mtu mmoja hajavuka. Bwana Renatus amehamia hapa juzi, akadhani mzee amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Sisi tuliokuwepo mwaka tisini na sita tunamjua huyo ambaye hajavuka. Mimi Koleta, mpishi wa tawi hili tangu lilipofunguliwa, ndiye niliyepewa kuandika karatasi hii ya kumuaga, na nitaandika habari za Mwalimu pamoja na za huyo mwingine, kwa sababu haziachani.

Mwalimu alizaliwa Pangani. Aliingia Ras Kijangwa akiwa mwanafunzi, akabakizwa kuwa mfundishaji. Chuo kile kimejengwa juu ya bahari yenyewe. Kijana akimaliza pale anajua kusoma upepo, kufunga kamba, kushusha mashua ya kuokolea watu huku meli inayumba, na kuogelea na nguo zote mwilini. Wengi wanaofanya kazi melini wamepita kwenye mikono ya chuo kile. Lakini vijana wa bara walikuwa wakifika, wiki ya kwanza wanatiwa majini, wiki ya pili wako kwenye basi wanarudi kwao na aibu. Hawakuwa wajinga. Walikuwa hawajaona maji yanayopita kiuno.

Ndiyo chuo kikafungua tawi hapa mwaka 1978, ili mtoto wa Bukiriro au wa kule Nyabusozi, Biharamulo, ayajue maji kwanza karibu na nyumbani, halafu aende akaione bahari asiikimbie. Wakatafuta mfundishaji wa kuja huku. Wenzake wote walikuwa na sababu za kutokuja, huyu mgongo, yule mama mgonjwa. Mwalimu Maulidi hakutoa sababu, akapanda treni.

Siku aliyofika aliingia jikoni kwangu, akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, akauliza nazi zinauzwa wapi. Nikamwonyesha karanga. Alizitazama kama mtu aliyewekewa changarawe kwenye sahani. Sasa waulizeni watu wa nyumbani kwake, mchicha usio na karanga hautazami.

Kamba kutoka pwani zilichelewa mwaka mzima. Hakukaa kitako kuzingojea. Alifundisha mafundo kwa kamba za migomba, na fundo ni lilelile. Mpaka leo mbuzi wa kijiji hiki wanafungwa fundo la meli, na sijaona mbuzi aliyelifungua. Watoto wa siku hizi mmeletewa kamba za nailoni, nyeupe, za kuvutia, na bado mashua ya kwanza imefunguka yenyewe mara mbili tangu Pasaka. Mnajijua.

Alikuwepo kijana mmoja wa Nyabusozi, Shibuda, mtoto wa wafugaji. Huyo aliapa kwamba hawezi kuingia majini bila ng'ombe. Kwao walikuwa wakivuka mito wameshika mkia, na mkia ndio uliokuwa unajua njia. Wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alikuja jikoni kwangu.

"Mama Pancras, naomba ng'ombe wako."

"Wa kuchinja?"

"Wa kufundishia."

Akampeleka kwenye ile ghuba yetu ndogo iliyozungushiwa miti ya kuzuia mamba. Ng'ombe mbele, Shibuda nyuma, Mwalimu pembeni na sweta yake imelowa. Walifanya hivyo siku kadhaa. Siku moja ng'ombe alishatoka zamani, yuko ng'ambo anakula majani, na Shibuda bado yuko katikati ya maji anakwenda tu, mkono umefumba hewa. Alipogundua hana mkia alipiga kelele, lakini hakuzama. Leo Shibuda ni serahangi kwenye meli ya mizigo, yaani ndiye mkubwa wa mabaharia wote wa sitahani, anawaamrisha watu waliozaliwa mita chache kutoka baharini. Ng'ombe wangu alikausha maziwa wiki nzima kwa hasira.

Mambo mawili Mwalimu aliyaleta kutoka Ras Kijangwa na hakuyalegeza hata kwa mkuu wa wilaya.

La kwanza ni majina. Siku ya mahafali, kabla mtu hajapewa cheti, mfundishaji mkubwa husimama ukingoni akayatazama maji, akataja kwa sauti majina ya wote waliobaki majini tangu chuo kianze. Hayasomwi popote, yanakaa kichwani. Kila jina likitajwa, wanafunzi huitika, "Yupo nasi." Mgeni akiona mara ya kwanza anadhani ni ibada. Mwalimu husema si ibada, ni somo. Baharia anayekwenda kuanza kazi ajue maji hayana urafiki na mtu, na ajue pia kwamba akibaki humo hatasahaulika.

La pili ni hesabu. Hakuna mashua iliyotoka bila watu kuhesabiwa wanapopanda, mmoja mmoja, kwa sauti na kwa kidole, na wakifika ng'ambo wahesabiwe tena. Wanafunzi walihesabiwa hata wakienda kuoga. Pwani sheria hiyo imeokoa watu wengi, na Mwalimu aliishika kama anavyoshika sala zake.

Lakini huku si pwani. Sisi tuliolelewa na mama zetu kwenye vilima hivi, mtoto hahesabiwi. Ukiniuliza nina watoto wangapi nitakwambia wapo, wamekua, wanakula. Namba hutaipata. Tuliambiwa anayewahesabu watoto wa mtu anawapunguza. Padri wetu alitukemea sana juu ya jambo hilo, tukamwitikia, tukaenda nyumbani tukaendelea kutohesabu. Upande wa pili wa mto nao ni watu wa namna hiyohiyo. Mwalimu aliambiwa. Nilimwambia mwenyewe. Akanijibu kwa adabu, "Mama Pancras, maji hayajui mila." Nikaona ana haki. Wote wawili tulikuwa na haki, ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Mwaka 1994 wilaya ilijaa watu wa Rwanda mpaka vilima vikabadilika rangi kwa maturubai. Sisi mtoni tulipokea zaidi watu wa Burundi, walioanza kuja mwaka 1993 na hawakukoma. Tawi likaacha kuwa chuo likawa kivuko. Mashua zetu mbili za mafunzo zilitoka alfajiri na kurudi giza likiingia, na wapiga makasia walikuwa vijana ambao bado hawajaota ndevu. Walichopaswa kujifunza kwa miaka miwili walijifunza kwa mvua moja. Mimi nilikuwa napika uji kwenye mapipa. Wengine walikuwa wanaupokea na kusahau kuunywa, wanabaki wanautazama.

Na Mwalimu alisimama kwenye mashua, juu ya maji mekundu, akiwanyooshea watu kidole. Mmoja, wawili, watatu. Niliwaona akina mama wakigeuza migongo ili mtoto asionekane. Niliona kanga zikivutwa. Alikuwa anawafunua taratibu, anasema samahani mama, anahesabu na aliyefichwa. Hakumwacha hata mmoja aliyemwona.

Ilikuwa mvua za mwaka tisini na sita, mto umejaa. Kati ya waliopanda mashua ya pili siku hiyo alikuwemo mama mmoja kijana, Agripina, na vyungu vyake na mkeka uliokunjwa. Ndani ya mkeka alikuwemo mtoto wake, wa kuanza kutembea tu, ameambiwa anyamaze. Akanyamaza. Msiniambie mama gani anamweka mtoto kwenye mkeka. Nimesikia maneno hayo bwenini na nimeyasikia sokoni, na kila anayeyasema hajakimbia usiku mwingi na mtoto mgongoni halafu akamkuta mwanamume asiyemjua anawatia watoto wa watu namba. Mama yeyote wa huku angefanya vile. Mimi ningefanya vile.

Karibu na ukingo wetu gogo lililokuwa likija na maji liliipiga mashua ubavuni, ikalala, wote wakamwagika. Hapo kazi ya Mwalimu ya miaka yote ilionekana. Vijana waliokuwa nchi kavu hawakukimbia ovyo. Waliingia na kamba viunoni, wawili wawili kama walivyofundishwa, wakawatoa watu. Mwalimu mwenyewe alimtoa Agripina, hajitambui, tumbo limejaa maji. Wakalazwa kwenye majani. Mwalimu akapita akiwahesabu, akarudi akawahesabu tena. Hesabu ilikuwa kamili. Akapuliza filimbi, vijana wakatoka, kwa sababu sheria ni kwamba hesabu ikitimia hakuna anayeachwa kwenye maji yenye mamba. Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Nikaleta uji.

Agripina alizinduka, wakamkalisha, wakampa kikombe. Akauliza, "Mkeka wangu uko wapi?"

Mama mmoja aliyekaa karibu naye akamwambia mikeka ni mingi, ashukuru uhai.

"Mkeka wangu uko wapi?"

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliingia majini na viatu. Vijana wakamfuata bila kuambiwa, na filimbi haikupulizwa tena mpaka giza lilipowatoa. Kesho yake mkeka ulionekana kwenye matete, mbali chini, umefunguka. Hakukuwa na kingine.

Ras Kijangwa walipopewa habari walijibu kwamba mfundishaji hana kosa, sheria ilifuatwa na hesabu ilikuwa kamili. Waliandika hivyo wakidhani wanamfariji. Tangu siku hiyo neno kamili halijatoka kinywani mwake. Mwanafunzi akimletea kazi nzuri, atasema imefaa.

Agripina alipelekwa kambini Lukole. Mahafali ya mwaka ule yalipokaribia Mwalimu akaniomba nimsindikize huko, kwa kuwa Kihangaza changu na Kirundi cha Agripina vinasikilizana. Tulimkuta anachambua mboga mbele ya hema. Mwalimu akachuchumaa, akampa pole, akasema amekuja kuomba jina la mtoto, alitaje ukingoni pamoja na wengine.

Agripina hakuinua macho. "Hukumhesabu akiwa hai. Utamtajaje akiwa amekufa?"

Nilimtafsiria hivyohivyo, sikupunguza. Mwalimu akasema ahsante, akainuka, tukarudi. Tangu mwaka huo akimaliza majina yote husimama kimya mahali pale ambapo jina moja lingekaa. Wanafunzi hawajui waitikie nini, wanasimama naye. Wengine mmekuwa mkikohoa. Sasa mmeambiwa kwa nini.

Baada ya safari ile alikuja jikoni akakaa kwenye gogo la kuni, akaomba maharage. Si kwa kula. Kuanzia siku iliyofuata kila aliyepanda mashua alipewa harage moja mkononi, mkubwa kwa mdogo, na kwa kila harage lililotoka Mwalimu alidondosha punje ya hindi kwenye mkebe wa mafuta ya msaada. Hakunyoosha kidole. Hakutaja namba. Ng'ambo kila mtu aliyeshuka alirudisha harage lake kwenye mkebe, na ukifika mwisho unatoa harage na hindi, harage na hindi, viwili viwili. Ikibaki hindi peke yake, yupo mtu majini.

Wanafunzi waliuita mkebe ule makande, na makande limebaki jina lake. Sawa, chekeni. Lakini mimi nilikuwepo siku ya kwanza, nilikwenda ng'ambo makusudi kuona. Mama wa kwanza alipewa harage, akalitazama, akamtazama Mwalimu. Kisha akafungua kanga kifuani, akamtoa mtoto hadharani, akasema, "Na huyu?" Nyuma yake mwingine akafungua kapu: "Na huyu je?" Walewale waliokuwa wakificha walikuwa sasa wananyoosha watoto juu, wanagombana, huyu hajapata, huyu umemruka. Mtu hapendi kuhesabiwa, lakini kupewa kitu nani hapendi. Mwalimu aligawa, na mvua ikinyesha usoni hukujua kipi ni mvua.

Mkebe ule umewahi kutusumbua mara moja, na hilo halitasahaulika upesi. Hindi moja lilibaki peke yake. Vijana wakarudi majini wote, na kamba, na filimbi, wakapiga mbizi mpaka midomo ikawa ya bluu. Pembeni ya moto wangu alikaa bibi mmoja anakunywa uji, anawatazama kwa huruma.

"Hawa vijana wanatafuta nini?"

"Mtu aliyebaki na harage," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akafungua ncha ya kanga. Harage lilikuwa limefungwa humo. "Nimelihifadhi la kupanda," akasema. "Nimeacha shamba zima kule. Nianze na nini?"

Mwalimu alikuja anachuruzika maji, akalitazama lile harage, akamwambia bibi akae nalo. Akachukua jingine jikoni kwangu akalitia mkebeni mwenyewe. Wale vijana walisema maneno nisiyoyaandika kwenye karatasi ya mahafali. Lakini bibi yule alipanda. Mbegu yake ilisambaa Lukole, nimeila.

Jambo jingine kuhusu mkebe, na hili ni kwa Bwana Renatus, ambaye mwezi uliopita aliagiza uoshwe. Chini yake ipo punje moja ya hindi ambayo haina harage. Si takataka. Mwalimu aliiweka siku ya kwanza kabla ya kumgawia mtu yeyote, na kila mwanafunzi mpya huonyeshwa aambiwe, hiyo ni ya zamani, msiiguse. Imekuwa ngumu na nyeusi. Kila safari, miaka yote hii, mkebe wa Mwalimu umeonyesha mtu mmoja bado. Na aliposema hawezi kuagwa, alikuwa anaisema punje hiyo.

Bi Biubwa, mkewe, wa ule ukoo wa wauza vitambaa wa Biharamulo mjini, ataniwia radhi nikisema la nyumbani kwake. Mvua ikinyesha, Mwalimu halali. Anakaa barazani na viatu miguuni. Bi Biubwa alijaribu kumficha viatu, akakaa bila viatu. Amemwambia Pangani nako mvua ipo, na mto upo, sasa utakaa baraza ipi mpaka lini.

Basi mwezi uliopita nilikwenda soko la Lukole kununua dagaa. Wengi wa kambini wanajiandaa kurudi Burundi, wanauza masufuria. Nikaguswa begani. Alikuwa Agripina. Ana mvi sasa, na bado ni kijana.

"Nasikia mzee wa maharage anaondoka."

"Anaondoka."

"Na mimi naondoka. Nimeandikishwa msafara wa mwezi wa saba." Akaifunga kanga upya. "Mama, nikivuka kurudi, upande huu atabaki nani anayemjua?"

Tukakaa chini palepale, watu wanatupita. Akaniambia kwamba miaka yote alimchukia Mwalimu kwa sababu kumchukia kulikuwa kwepesi kuliko lile jingine. Kisha akanituma, na nimekariri nisibadilishe: "Mwambie nilimficha vizuri. Hata angetafuta kwa taa asingemwona. Mimi ndiye mama yake, na ningepita karibu yake nisingemwona."

Umesikia, Mwalimu. Hukumruka mtu. Mtoto alifichwa na mama yake kwa upendo, na upendo ulifanya kazi yake vizuri mno. Nimekungojea miaka saba nikwambie neno kama hilo, na sikuwa na ruhusa, kwa sababu si mimi niliyekuwa na haki ya kulisema. Leo mwenye haki amelisema. Usibishane naye. Wewe ni mbishi, tunakujua, lakini kwa hili kaa kimya.

Jumamosi Agripina atakuwepo. Bwana Renatus amehangaika ofisi kwa ofisi mpaka amempatia kibali cha kutoka kambini, na kwa hilo namfutia lile kosa la kutaka kuosha mkebe. Atavushwa kwa mashua ya pili, kutoka ukingo huu kwenda ule na kurudi, kwa sababu ameomba hivyo. Atapewa maharage mawili anapopanda. Akishuka atayatia mkebeni, na pale chini lile hindi la zamani litapata mwenzake. Mkebe utamwagwa mbele yako, viwili viwili, uone mwenyewe. Halafu Bwana Renatus anaweza kuuosha akitaka.

Kisha utasimama ukingoni kama kila mwaka, utaje majina ya Ras Kijangwa na majina ya Ruvubu. Ukifika pale unaponyamazaga, usinyamaze. Alikuwa msichana. Anaitwa Kezia. Mama yake ametaka litajwe mwaka huu na kila mwaka, hata wewe usipokuwepo, hata mimi nisipokuwepo. Atakayeshika nafasi yako pale ukingoni ni Bwana Renatus, na majina yote bado hajayakariri. Ana mpaka Jumamosi. Na nyie wanafunzi mtakaoitikia, itikieni kwa sauti, asiwepo wa kukohoa.

Mwalimu Maulidi, vijana uliowatoa kwenye vilima hivi wako kwenye bahari ambazo mimi sitaziona, na kila mmoja anajua kuogelea kwa sababu yako. Pancras wangu ni mmojawao. Kwa huyo sina cha kukupa zaidi ya mfuko wa karanga niliomfungashia Bi Biubwa, maana kule Pangani najua watakulazimisha nazi. Tawi zima linakushukuru. Wazee wa kijiji wanakushukuru, na mbuzi wao wamefungwa vizuri. Ufike salama, ukae na watu wako, uzeeke polepole.

Na mvua ya Pangani ikinyesha, vua viatu, ulale. Wote wamevuka.